Umeme wa Jua katika Mashua Yetu: Tuhesabu Kwanza, Kariakoo Baadaye

Katika mkutano uliopita lilizungumzwa jambo la kutia umeme katika mashua ya Jumuiya, na mazungumzo yakawa marefu kuliko wakati tuliokuwa nao. Wako waliotaka tununue betri ya risasi kama ile ya gari, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Wako waliotaka betri ya lithiamu na paneli za jua. Wako pia waliosema kwamba mashine ya dizeli itolewe kabisa, chombo kiende kwa nguvu za jua. Basi Kamati ilituagiza twende Dar es Salaam pamoja na fundi wetu, tutazame vifaa vilivyoko, kisha tueleze katika gazeti hili tuliyoyaona na hesabu tulizozipata, ili kila mwanachama aje katika mkutano mkuu hali anajua anachokipigia kura. Fedha za mfuko ni zenu; si vyema zitoke kwa maneno ya dukani.

Haja yenyewe haina shaka. Katika msimu wa kuchuma, mashua huchukua wachumaji, majamvi na magunia kutoka visiwa vidogo, na mara nyingi hurudi giza limekwisha kuingia. Hadi leo taa yake ni kurunzi ya nahodha. Maji ya ngama hufuliwa kwa upo, na baharia akisinzia, magunia ya chini huloa. Simu ndiyo redio yetu, nayo huzimika pale pale inapotakiwa. Hapana mtu wa Pemba aliyeusahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikija kwetu. Meli ile ilikuwa imejaa kupita kiasi, na hatusemi kwamba taa au pampu ingaliiokoa. Tunasema tu kwamba bahari yetu haisamehe uzembe, na chombo kisichoonekana wala kisichosikika usiku kimeuanza uzembe kabla hakijang'oa nanga.

Juu ya nchi kavu jambo hili lilikwisha kupata dawa. Tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba hupata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Lakini chombo hakiwezi kuburuta waya. Hapana budi kibebe ghala yake ya umeme, na njia ya kuijaza ghala hiyo.

JUA HALIWEZI KUENDESHA MASHINE YETU

Tuanze na rai ya wale waliotaka kuitoa dizeli, maana ni rai nzuri kwa masikio, nayo yastahili jibu la hesabu, si la kejeli.

Mashine ya nguvu za farasi 20 ni sawa na wati 15,000 hivi. Ikienda kwa nguvu zote muda wa saa tatu, itatumia wati-saa 45,000. Wati-saa ndiyo pishi ya umeme: wati moja ikitumika saa moja, ni wati-saa moja. Sasa betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,280. Ili kupata 45,000 tungehitaji betri 35 za namna hiyo, na uzito wake wapita kilo 400. Na paneli mbili tunazoweza kuzifunga juu ya paa la mashua zingezijaza betri hizo kwa siku 50. Hata tukienda kwa nusu ya nguvu, ni siku 25 za kungoja kwa safari moja.

Viko vyombo vinavyokwenda kwa umeme duniani, navyo hufaa kwa mwendo mfupi wa taratibu au pale penye umeme wa kujazia gatini. Mashua yetu yenye mzigo na mkondo wa kupigana nao si chombo cha namna hiyo kwa leo. Basi tuiache dizeli ifanye kazi yake, na jua tulipe kazi linayoiweza: taa, redio, dira ya satelaiti, pampu na simu.

DAFTARI KABLA YA DUKA

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme nao ni mali. Mtu aendaye dukani kabla ya kuandika matumizi yake huuziwa anachotaka muuzaji. Haya ndiyo matumizi ya mashua yetu kwa usiku na mchana mmoja, kama tulivyoyapima na fundi:

Taa za njia, yaani nyekundu ya kushoto, kijani ya kulia na nyeupe, zote za LED: wati 6 kwa saa 12, wati-saa 72.

Taa ya kufanyia kazi: wati 10 kwa saa 5, wati-saa 50.

Redio ya VHF ikisikiliza chaneli 16 usiku na mchana: wati 5 kwa saa 24, wati-saa 120. Redio hiyo ikisema, hula zaidi, kiasi cha wati 60. Kwa nusu saa ni wati-saa 30.

Dira ya satelaiti: wati 8 kwa saa 12, wati-saa 96.

Pampu ya ngama: wati 60 kwa saa 2, wati-saa 120.

Simu sita za mabaharia na abiria: wati-saa 15 kila moja, jumla 90.

Ukijumlisha utapata wati-saa 578. Lakini kama vile karafuu mbichi hupungua juani, umeme nao hupungua njiani, katika nyaya na katika vifaa. Tukaongeza sehemu ishirini katika mia, ikawa karibu wati-saa 700 kwa siku. Ndugu wanachama, ikumbukeni namba hii 700, maana kila kitu kingine chatoka kwake.

Mtaona hatukutia friji, wala televisheni, wala inveta ya kugeuza umeme uwe kama wa nyumbani. Inveta hula sehemu ya umeme kwa kugeuza tu. Vifaa vyote tulivyovitaja hupatikana vya volti 12, na vyote vitumie volti 12.

BETRI: RISASI AU LITHIAMU?

Betri ya risasi na tindikali ni rafiki wa zamani. Tunaijua, na bei yake ya leo ni ndogo. Lakini ina tabia mbaya: ukiitumia mara kwa mara kupita nusu ya kilichomo, hufa mapema. Betri ya risasi iliyoandikwa ampea-saa 100 hutupa kwa salama wati-saa 600 tu. Uzito wake hukaribia kilo 30. Ikitumika hivyo kila siku, aghalabu hudumu mara mia chache za kujazwa na kutolewa. Tena maji ya bahari yakiifikia tindikali yake, hutoka hewa ya klorini, ambayo ni sumu.

Betri ya lithiamu ya ukubwa ule ule huweza kutoa sehemu themanini katika mia bila kudhurika, yaani kupita wati-saa 1,000. Uzito wake ni kiasi cha kilo 11 hadi 13. Iliyo njema hudumu kwa mara elfu mbili na zaidi. Kwa hiyo bei ya siku ya kununua ni kubwa, lakini bei ya kila usiku wa kazi ni ndogo. Hii ndiyo hesabu tunayowaomba wenzetu wa betri ya risasi waitazame.

Walakini lithiamu si kitu kimoja. Iko ya namna ya simu nyingi, yenye kobalti, nayo ikiumia hushika moto mkali usiozimika kwa urahisi. Na iko ya chuma na fosfati, iliyoandikwa LiFePO4, ambayo ilielezwa kwanza mwaka 1997 na kundi la Profesa John Goodenough huko Texas, Marekani. Bwana huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi yao juu ya betri za lithiamu. Hii ya chuma na fosfati hustahimili joto na makosa zaidi kuliko ile nyingine. Kwa chombo cha mbao chenye watu ndani, sisi hatuoni nyingine ya kununua ila hii.

Kwa matumizi yetu ya wati-saa 700, tunapendekeza betri mbili za ampea-saa 100 kila moja, zilizofungwa sambamba. Kwa pamoja zitatupa kupita wati-saa 2,000, karibu siku tatu bila ya jua, kama zile siku za masika mbingu inapofunga. Na kwa nini mbili, si moja kubwa? Kwa sababu moja ikiharibika baharini, ya pili itawasha taa na kusukuma maji mpaka chombo kifike. Zote mbili ziwe za aina moja, zinunuliwe siku moja, na kila moja ijazwe kwanza peke yake kabla hazijaunganishwa.

Kuna jambo moja ambalo baharia azoee. Betri ya risasi ikiishiwa, taa hufifia, nawe hupata onyo. Lithiamu haifanyi hivyo. Ndani yake mna bodi ya ulinzi, na chaji ikifika chini sana bodi hiyo hukata yote kwa mpigo mmoja. Wala huwezi kujua kilichobaki kwa kupima volti, kwani volti zake hukaa karibu pale pale tangu betri ijae hata ikaribie kwisha. Kwa hiyo hapana budi tununue mita inayohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka. Mita hiyo ndiyo daftari la betri, na nahodha aisome kama anavyosoma upepo.

Betri ya kuwashia mashine ibaki ile ile ya risasi, peke yake, isichanganywe na hizi. Lithiamu huvuta chaji kwa uroho, na ikifungwa moja kwa moja kwenye alteneta yaweza kuiunguza. Kiko kifaa maalumu cha kuweka katikati, lakini kwa mwaka wa kwanza jua litatosha.

PANELI NA KONTROLA

Paneli za jua za silikoni si jambo la jana. Zilionyeshwa na wataalamu wa Bell huko Marekani mwaka 1954. Kilichobadilika ni bei, ambayo sasa imeshuka hata mkulima aweza kuinunua.

Jua letu ni kali, lakini paneli ya chombo hulala bapa, hupata chumvi, na kivuli cha mlingoti huizungukia. Basi tumehesabu saa nne tu za jua kamili kwa siku, na tukaondoa robo kwa hasara. Ili kupata wati-saa 700 kwa hesabu hiyo zahitajika wati 233 za paneli. Tunapendekeza paneli mbili za wati 150, jumla 300, ambazo zitaleta wati-saa 900 kwa siku ya kawaida. Ziada hiyo ndiyo ya kurudisha kilicholiwa siku za mawingu.

Paneli hizo zifungwe sambamba, si kwa mfuatano. Zikiwa kwa mfuatano, kivuli kikiangukia moja huweza kuipunguzia nguvu na mwenziwe. Zikiwa sambamba, iliyo juani huendelea na kazi. Chini yake paachwe nafasi ya hewa kupita, maana paneli ikipata moto hutoa umeme mchache. Na kila zirudipo zioshwe kwa maji ya kisima kuondoa chumvi na mavi ya ndege.

Kati ya paneli na betri hukaa kontrola ya chaji. Wati 300 kwa volti 12.8 ni ampea 23 na ushei, basi kontrola iwe ya ampea 30. Ziko za aina mbili, PWM na MPPT. Hii ya pili huvuna zaidi kutoka paneli zile zile. Lililo muhimu ni kwamba iweze kupangwa kwa ajili ya lithiamu, volti za kujaza zikiwa baina ya 14.2 na 14.6.

FYUZI NA NYAYA: HAPA NDIPO PENYE HATARI

Katika safari yetu tuliulizwa maswali mengi ya ukubwa wa betri, na hakuna hata muuzaji mmoja aliyetuuliza juu ya fyuzi. Nasi twaona fyuzi ni kubwa kuliko betri.

Betri ya lithiamu nyaya zake zikigusana huweza kumwaga umeme wa ampea elfu na zaidi kwa dakika isiyofika. Waya huwa mwekundu, na ubao uliokaa miaka katika mafuta ya mashine hautaki kubembelezwa kuwaka. Kwa hiyo kila betri iwe na fyuzi yake, karibu kabisa na ncha yake ya chanya, isizidi shibri moja. Iwe fyuzi iliyotengenezwa kwa kazi ya betri za lithiamu. Kile kidude cha kioo cha redio ya gari hakifai hapa. Bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ni mlinzi wa pili, si wa kwanza.

Pampu ya ngama iungwe na betri kwa njia yake yenyewe na fyuzi yake yenyewe, isipite kwenye swichi kuu, ili mtu akizima taa zote akaenda kulala, pampu iwe macho. Na upo usitupwe! Pampu ni msaidizi. Upo haujui kukatika waya.

Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, kwa kuwa shaba tupu huliwa na chumvi mpaka ndani. Unene nao una hesabu. Pampu yetu huvuta ampea 5 na iko mita 8 kutoka betri, nao umeme huenda na kurudi, basi ni mita 16. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 tutapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Kwa waya wa 4 tutapoteza theluthi ya volti tu. Pampu dhaifu usiku wa dhoruba, sababu yake aghalabu ni waya mwembamba ulionunuliwa ili kuokoa shilingi chache.

Betri zikae juu ya usawa wa maji ya ngama, mbali na joto la mashine, zifungwe kwa mikanda zisihame chombo kikilala upande. Nyaya nene zisipite karibu na dira ya nahodha, maana umeme huvuta sindano, na dira inayosema uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na dira.

TULIYOYAONA POSTA NA KARIAKOO

Mtu akishuka botini Dar es Salaam hujikuta karibu na Posta, penye maofisi, mabenki na majumba marefu. Huko tulipata maduka machache ya vifaa, yenye karatasi za dhamana na watu wa kujibu maswali, na bei zake ziko juu. Tukapita Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya kwanza. Tangu Mtaa wa Uhuru hadi Msimbazi na Gerezani mtu hakosi kitu, na bei husemezana. Lakini kweli na uongo hukaa rafu moja.

Sisi watu wa karafuu hatuendi sokoni bila mizani. Tulichukua mizani ya mkono, ile ya ndoana tunayopimia magunia. Katika duka moja palikuwa na betri mbili, zote zimeandikwa LiFePO4, volti 12.8, ampea-saa 100. Ya kwanza ilipima kilo 11 na nusu. Ya pili ilipima kilo 6. Muuzaji akatuambia, "Shehe, hiyo ni ya kisasa, ndiyo maana nyepesi." Fundi wetu akamjibu, "Kijana wangu, gunia la kilo hamsini likipima ishirini na tano, kwetu haliitwi la kisasa." Watu waliosimama pale wakacheka, na muuzaji naye akacheka, akairudisha ile betri nyuma ya pazia.

Basi yashikeni haya, hata mtu akinunua kwa ajili ya nyumba yake. Betri ya LiFePO4 ya ampea-saa 100 na volti 12.8 ikipima chini ya kilo 9, iacheni. Paneli nayo ipimwe kwa futikamba: mita moja ya mraba ya paneli njema hutoa wati 200 au zaidi kidogo. Paneli yenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita ikiandikwa wati 300, maandishi hayo ni ya kuuzia tu. Takeni risiti ya mashine yenye jina la kifaa na namba yake, na dhamana iliyoandikwa, si ya mdomo. Kisha kabla ya kufunga chomboni, jazeni betri, iwashieni taa ya wati 60, na hesabuni saa. Betri ya kweli ya ukubwa huo huendelea kwa saa 20 hivi. Ikizimika baada ya saa kumi, mmeuziwa nusu.

Na wakati wa kurudi, waambieni watu wa boti kwamba mnabeba betri za lithiamu. Hizo huhesabiwa miongoni mwa bidhaa za hatari katika usafiri, na kuzificha chini ya nguo ni kuwahatirisha abiria wenzenu.

RAI YA KAMATI

Kwa kifupi, Kamati italeta mbele ya mkutano mkuu mapendekezo haya: betri mbili za LiFePO4 za ampea-saa 100, paneli mbili za wati 150, kontrola ya MPPT ya ampea 30, mita ya kuhesabu ampea, fyuzi, swichi na nyaya kama tulivyoeleza, taa za njia, redio ya VHF, dira ya satelaiti na pampu. Bei hatukuziandika hapa kwa kuwa hubadilika kila wiki. Zitasomwa mkutanoni kutoka hati za bei za maduka matatu, na wanachama watachagua wenyewe. Ikiwa fedha hazitatosha kwa yote, rai yetu ni kununua betri moja mwaka huu badala ya mbili, na kupunguza simu za abiria. Kwenye fyuzi, waya na pampu tusipunguze hata senti.

Kazi ikishafungwa, chombo kikaguliwe na Mamlaka ya Usafiri Baharini kabla ya kuchukua watu.

Mwanachama mwenye hesabu tofauti na hii ailete kwa Katibu kabla ya mkutano, imeandikwa. Itasomwa mbele ya wote, na iliyo bora ndiyo itakayofuatwa.

Katibu wa Jumuiya